Barua Iliyokosea Mlango

Usiku wa tatu nilimwuliza daktari Ossandón
mfupa wangu wameupeleka wapi.
Akaitazama kalamu yake, akasema: umechomwa,
pamoja na vingine.
Vingine vya nani, sikuuliza.

Miaka thelathini na mmoja tulipanda pamoja vilima vya Valparaiso,
mkoba begani: hundi za pensheni, kadi za Krismasi,
barua za mahakama, zile watu huzipokea kwa vidole viwili.
Nyonga yangu, mkalia ini,
uliyesagika kama kisigino cha kiatu,
upande wa mkoba kwanza,
umeondoka bila jeneza, bila hata stempu.

Sasa nina kijiti cha titani chenye kichwa cha kauri.
Kauri! Kama kile kikombe cha mama
tulichokatazwa kukigusa.
Ndicho ninachokitembelea.

Yasna huja Jumanne na Ijumaa.
Ana sheria kuishinda posta:
usikunje nne,
usiiname kuokota,
usigeuke ghafla ukiitwa,
lala na mto katikati ya mapaja
kama waliogombana kitandani.
Wangu wa kugombana naye alishafariki.
Mto nimeupa jina lake, Eleodoro.
Haukoromi. Tofauti ni hiyo tu.

Siku ya tisa nilidondosha kijiko.
Kikakaa sakafuni hadi jioni,
tukitazamana.
Mimi niliyebeba habari za mtaa mzima,
leo kijiko kimenishinda.
Nililia kidogo. Si kwa maumivu;
maumivu yana vidonge, yana saa zake,
saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.
Nililia kwa hasira,
kisha nikachukua koleo la jikoni
nikakinasa kijiko shingoni
kama mwizi.

Wiki ya sita, Alhamisi, ukungu hadi madirishani,
kitu kikapenya chini ya mlango.
Bahasha. Nibaldo Carvacho, namba themanini na nne.
Mimi ni sabini na mbili.
Kati yetu ngazi kumi na tisa.
Kijana mpya wa posta amechoka, au hajui kusoma,
au amefikiri wazee wote ni mlango mmoja.

Nilingoja nione kama hasira itapoa.
Haikupoa.
Nikatumbukiza miguu viatuni, bahasha nikaiuma kwa meno,
mkono wa kulia kwenye reli, wa kushoto kwenye gongo.
Kupanda, mzima hutangulia, alisema Yasna,
amvute mgonjwa.
Kushuka, mgonjwa mbele,
mzima abaki juu akimshikilia.
Ngazi ya kwanza: hakuna kitu.
Ya pili: kuna kitu, lakini hakiumi,
ni kama mgeni anayejikohoza ukumbini.
Ya saba ina ufa uleule wa mwaka wa tetemeko,
niliwahi kuuruka nikiwa na mimba.
Ya kumi na moja, paka wa jirani akanipisha.
Ya kumi na nne, au ya kumi na tano,
nilikuwa nimeshaanza kumtukana yule kijana kimoyomoyo
na hesabu ikanipotea.

Nibaldo alifungua akiwa na povu shavu moja.
Akanitazama mimi, akalitazama gongo,
akayatazama mate kwenye bahasha.
"Bili ya maji," akasema.
"Edelmira, hujawahi kuniletea habari njema
hata siku moja."
"Tia sahihi," nikamwambia.
Akatia, kwa kidole chenye povu,
kwenye fremu ya mlango.

Kisha akaburuta kiti kirefu,
kile alichokinunua baa ya chini ilipofungwa.
Nikakaa, miguu imenyooka, sikukunja nne.
Akaenda kumalizia shavu la pili.
Habari ya kushuka
hatukuizungumza.